Sura ya Saba: Feni Namba Tatu

Kompyuta ilikuwa imelazwa ubavu juu ya meza ya chumba cha vielelezo, kifuniko chake kimefunguliwa, na Inspekta aliitazama kwa chuki ambayo hakuona haja ya kuificha. Ndani yake mlikuwa na diski kubwa tatu, na zote tatu zilikuwa zimekufa. Diski hizo ndizo zilizohifadhi hesabu za jengo la ghorofa nne lililowaangukia watu kumi na wawili mwezi uliopita. Mmoja wa hao kumi na wawili alikuwa fundi lipu, mdogo wake Inspekta, wa mama mmoja baba mmoja. Siku mbili waokoaji walimsikia akigonga bomba chini ya zege. Siku ya tatu hakugonga.

"Saa kumi kamili," Mkuu wa Upelelezi alikuwa amemwambia asubuhi ile, bila kumtazama usoni. "Nimeshajua marehemu alikuwa nani kwako. Ulipaswa kuniambia mapema. Saa kumi kamili faili linatoka mkononi mwako. Na kesho yule mwanamke wa kompyuta anapandishwa kizimbani kwa kuharibu ushahidi."

"Si yeye, Mkuu."

"Niletee mwingine, basi. Mwenye ushahidi, siyo mwenye sura unayoichukia."

Sasa ilikuwa saa nne na nusu. Inspekta alisikia hatua za Koplo kwenye ujia, na nyuma yake kandambili za mahabusu.

Mwanamke wa kompyuta, ambaye ofisini kwao kila mtu alimwita Fundi, aliingia akiwa amevaa fulana ya kazi yenye mifuko mingi iliyokwisha kupekuliwa na kuachwa mitupu. Alikuwa mtu wa makamo, kucha fupi, jicho kavu. Siku mbili za sakafu ya saruji hazikumnyoosha, zilimnoa tu.

"Umepata chochote cha kula?" Inspekta aliuliza.

"Nimekunywa chai yenu. Wanangu wako kwa dada yangu. Jana wameniuliza kwenye simu kama nimeiba. Nimewaambia hapana, mama yenu kapika diski." Alivuta kiti, akakaa bila kuambiwa. "Haya. Uliza."

"Mkurugenzi wenu amesema ulipunguza kasi ya feni siku ya Alhamisi."

"Nilipunguza. Yeye mwenyewe alinituma. Alisema mashine inanguruma, hasikii hata simu. Nikaingia kwenye programu ya feni, nikashusha. Lakini kushusha siyo kuzima, Inspekta. Feni za mbele niliziwekea mpaka, zisishuke chini ya asilimia arobaini hata mbingu zianguke. Feni za mbele ndizo zinazopulizia diski."

"Ijumaa saa tisa alasiri barua yetu ilifika ofisini kwenu. Tulisema Jumatatu asubuhi tunakuja kuchukua diski. Jumatatu tumekuta zimeungua."

"Hazikuungua. Zimechemka. Kuna tofauti."

"Nieleze hiyo tofauti kama unavyomweleza mama yako."

"Mama yangu angenielewa haraka kuliko wewe," Fundi alisema, na Koplo akageuka upande kuficha kicheko. "Washa hiyo mashine. Haijafa. Zilizokufa ni diski tu."

Koplo alichomeka waya wa umeme na skrini. Fundi akabonyeza swichi. Feni zote zilivuma kwa pamoja, kwa nguvu, kama sekunde tano hivi, kisha zikatulia.

"Umesikia? Kila inapowashwa, bodi inazijaribu feni zote kwa kasi ya mwisho. Halafu inazipa kasi iliyoandikiwa. Sasa sogea, weka mkono hapa mbele."

Inspekta aliweka mkono. Hapakuwa na upepo. Mapanga ya feni za mbele yalikuwa yamesimama kimya, ilhali katikati ya mashine feni ndogo ilikuwa inazunguka kwa bidii zote.

"Hiyo ndogo ni ya prosesa, ubongo wa mashine," Fundi alisema. "Hiyo ameiachia. Unajua kwa nini? Prosesa ikichemka, mashine inajizima yenyewe. Inajilinda. Lakini hizi diski hazina wa kuzisemea, zinakaa zinapikika mpaka zinakufa. Mzembe angeshusha feni zote. Huyu alichagua. Alitaka mashine iwe macho Jumamosi na Jumapili nzima, ndani ya kabati lililofungwa, ikichora picha za jengo jipya bila kupumzika, huku moto wote unarudi kwenye diski."

"Na nakala ya akiba?"

"Ndiyo hiyo diski ya tatu. Nilishamwambia Mkurugenzi mara nne nakala isikae nyumba moja na mama yake. Hakusikia."

Inspekta alivuta daftari. "Hizo feni zinaamriwa na nani?"

"Zina mabwana wawili. Kuna programu, hiyo inaamrisha mashine ikishawaka na mtu akishaingia kwa nywila. Na kuna bodi yenyewe, ile sahani kubwa ambayo kila kitu kimechomekwa. Programu isipokuwepo, usukani unabaki kwa bodi. Programu unaweza kuichezea ukiwa nyumbani kwako, kwa mtandao, umelala kitandani. Setingi za bodi huwezi. Lazima usimame mbele ya kibodi, uiwashe upya, ubonyeze kitufe kabla haijaamka vizuri."

Alifungua kwanza rekodi za programu, zilizokuwa kwenye kidiski kidogo kilichobanwa juu ya bodi na kunusurika. Programu iliandika kasi ya kila feni kila dakika. Ijumaa nzima ilikuwa imeandika. Saa kumi na mbili kasoro dakika nane jioni iliandika mara ya mwisho.

"Imetolewa," Fundi alisema polepole. "Mtu ameitoa kwenye orodha ya vitu vinavyoamka na mashine. Ili bodi ibaki peke yake."

"Wewe Ijumaa uliondoka saa ngapi?"

"Saa kumi. Angalia daftari la getini."

"Unaweza kurudi bila kuandikwa."

"Naweza. Naweza pia kuruka ukuta na magoti yangu haya." Aliiwasha mashine upya, feni zikavuma tena, akabonyeza kitufe mara tatu haraka haraka. Skrini ikageuka buluu yenye safu za namba. Alizisoma kwa kidole. Kidole kilifika katikati kikasimama.

"Nini?"

"Subiri." Alisogea karibu mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. "Feni namba tatu, sifuri. Hiyo nimeielewa. Feni namba moja, hamsini. Hamsini imetoka wapi?"

"Wewe uliacha ngapi?"

"Thelathini na tano. Na nina ushahidi. Mimi nikimaliza kazi, nahifadhi setingi zangu humu humu kwenye bodi, nazipa jina. Mtu akivuruga, narudisha." Alibonyeza, orodha nyingine ikafunguka. Juu yake paliandikwa VUMBI. "Hii ni wiki mbili zilizopita, nilipoisafisha vumbi. Soma mwenyewe. Namba moja, thelathini na tano. Namba tatu, hamsini na tano."

Inspekta aliandika zote mbili, ya zamani na iliyokutwa, bega kwa bega.

"Sasa sikiliza jambo ambalo sikumwambia mtu," Fundi alisema. "Siku ile ya vumbi niligundua tundu la namba moja limelegea, feni za mbele zikawa zinakatakata. Sikutaka kuacha feni za diski kwenye tundu bovu. Nikahamisha. Za mbele nikazipeleka namba tatu, ya nyuma nikaileta namba moja. Dakika mbili, kazi imekwisha, kabati nikafunga."

"Kabla ya hapo za mbele zilikuwa namba moja."

"Tangu mashine inazaliwa."

Inspekta aliweka kalamu chini. Aliuona mkono wa mtu, Ijumaa jioni, umeinama mbele ya skrini hii hii ya buluu. Mtu anayejua kwamba feni za diski ni namba moja. Anaiandika namba moja sifuri. Anaiwasha mashine, anafungua kabati, anaweka kiganja pale mbele ili ahakikishe. Upepo unampiga kiganjani. Iliyosimama ni ya nyuma.

"Alikosea," Inspekta alisema. "Akarudi. Akaizima namba tatu. Kisha ikabidi namba moja airudishie kasi yake, na hakukumbuka ilikuwa ngapi."

"Akaandika hamsini," Fundi alimalizia. "Mimi ningejua ni namba tatu tangu mwanzo, Inspekta. Na nisingeandika hamsini. Mimi nina thelathini na tano yangu."

"Hamsini ni ya nani?"

"Sijui. Nilipoanza kazi pale niliomba mchoro wa mashine, karatasi inayoonyesha waya upi uko wapi. Mkurugenzi alisema imeshapotea."

"Ufunguo wa kabati?"

"Mbili. Mmoja mnao nyinyi, mmeninyang'anya. Mwingine anao yeye."

Inspekta alifunga daftari. Saa ya ukutani ilisema saa tano na robo. "Mrudishe," alimwambia Koplo, kisha akamgeukia Fundi. "Usilale. Leo hii hii nakuhitaji."

"Nilale wapi?" Fundi alijibu.

*

Ofisi ya wahandisi ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo. Mlinzi wa getini alilileta daftari kwa mikono miwili. Ijumaa: Fundi, ametoka saa kumi. Watu wa vipimo, saa kumi na nusu. Mchoraji, saa kumi na mbili na nusu. Hapo ukurasa ulikuwa umekwisha.

"Mkurugenzi je?" Inspekta aliuliza.

"Mkubwa haandikwi, afande," mlinzi alisema, akishangaa kuulizwa. "Mkubwa anafunguliwa geti tu."

"Ijumaa ulimfungulia saa ngapi?"

"Mimi zamu yangu inaisha saa kumi na moja. Mwenzangu alichelewa mpaka saa kumi na mbili na robo. Geti lilikuwa wazi."

Walipopanda ngazi Koplo alimnong'oneza, "Ni mchoraji, afande. Alibaki peke yake. Na nimesikia ana kinyongo, hajapandishwa cheo miaka kumi."

Mchoraji aliitwa Mzee Rula, kwa sababu ya rula ya mbao aliyoishika muda wote, hata anapokunywa maji. Meza yake ilikuwa pembezoni mwa chumba cha michoro, hatua nne kutoka kwenye kabati la kompyuta ambalo sasa lilikuwa tupu na mlango wazi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, wanangu. Mmekuja kunichukua?"

"Kuna sababu ya kukuchukua?"

"Mimi nimeshazeeka, siku hizi wanachukua chochote."

"Uliwaambia askari wangu kwamba Ijumaa uliondoka saa kumi na moja. Daftari linasema saa kumi na mbili na nusu. Kwa nini ulidanganya, mzee wangu?"

Rula iligonga meza mara mbili. Koplo alishasogea mlangoni, mkono uko kwenye pingu.

"Nilikuwa nimelala," Mzee Rula alisema.

"Wapi?"

"Pale." Alionyesha chini ya meza kubwa ya michoro, ambako palikuwa na gamba la boksi limetandikwa vizuri. "Mgongo wangu haunipi saa nane mfululizo. Kila Ijumaa najilaza kidogo, napitiwa na usingizi. Mkurugenzi akijua, kesho yake niko nje. Ndiyo nikasema saa kumi na moja."

Koplo alishusha mkono, uso umemwanguka.

"Ukiwa pale chini," Inspekta alisema, "uliona mtu kwenye kabati?"

"Sikuona. Nilikuwa nimelalia ubavu, uso ukutani. Lakini nilisikia. Mashine ilinishtua usingizini, vuuu, ikanyamaza. Nikasema huyo Fundi anamalizia kazi. Nikasikia kabati linafunguliwa, mtu anashusha pumzi. Ikavuma tena. Baada ya muda ikavuma mara ya tatu. Mara tatu ndani ya kama dakika kumi na tano. Kisha mlango, kisha kimya."

"Na baada ya mvumo wa kwanza, mtu alishusha pumzi. Ya hasira?"

"Ya mtu aliyekuta nguzo haiko ilipochorwa." Mzee Rula alicheka bila furaha. "Ningeinuka nimwone, mwanangu. Lakini niliogopa ni Mkurugenzi. Kwa mambo madogo yule hana huruma. Unaona hivi vidole? Mwaka juzi nilisahau kusahihisha mchoro mmoja. Kwenye eneo la kazi mlango ulikuwa kushoto, kwenye karatasi uko kulia. Alichukua rula hii hii akanipiga vidole mbele ya vijana. Akasema, karatasi ikipingana na kazi, unasahihisha papo hapo, kalamu nyekundu, saini, tarehe. Ndiyo sheria ya nyumba hii. Yeye mwenyewe anasahihisha hata risiti ya chai."

"Hata michoro ya lile jengo lililoanguka?"

Rula ilitulia mezani. "Ile niliianza mimi, sikuimaliza. Ile aliichukua akaifanya peke yake, na nakala za karatasi akazikusanya siku jengo lilipoanguka. Nguzo nilizochora mimi zilikuwa na nondo kumi na mbili. Yaliyofuata yalikuwa kwenye diski."

Inspekta alimshukuru. Alipoinuka miguu haikuwa na haraka, ila kifuani kulikuwa na kitu kimewaka ambacho hakikuwa cha kazi. Alimvuta Koplo pembeni ya ngazi akampa maneno matatu ya kusema, na wakati wa kuyasema.

*

Mkurugenzi aliwapokea bila kuinuka. Alikuwa mtu mnene, nadhifu, shati jeupe, na mfukoni kalamu mbili, nyeusi na nyekundu. Ukutani nyuma yake michoro ilikuwa imewekwa kwenye fremu kama picha za harusi. Kiyoyozi kilipuliza mpaka karatasi za mezani zikawa zinatetemeka. Saa ya Inspekta ilisema saa tisa kasoro dakika kumi.

"Mmeshamfikisha mahakamani?" Mkurugenzi aliuliza.

"Kesho. Samahani kwa usumbufu, Mhandisi. Mashine ile unaielewa vizuri?"

"Mimi ni mtu wa zege na nondo. Mambo ya kompyuta nawaachia wenyewe. Ndiyo maana niliajiri fundi, na umeona alichonifanyia. Kazi ya miaka mitano imekwenda na maji."

"Ijumaa uliondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja. Muulize mlinzi."

"Mlinzi hakuandiki."

"Basi muulize kwa nini haniandiki." Mkurugenzi alitabasamu. Inspekta naye alitabasamu, na Koplo, aliyemfahamu vizuri, akaangalia sakafu.

"Nimekuja kwa jambo dogo," Inspekta alisema. "Fundi kapata wakili. Wanatafuta pa kutokea. Wanasema kosa si lake, eti mashine iliungwa vibaya tangu mwanzo."

"Vibaya?"

"Nyaya hazina mpango. Feni zimechomekwa popote palipopatikana tundu. Anasema aliyeiunga alikuwa anabahatisha, na kwa mashine ya namna ile diski zingekufa tu, leo au kesho. Wakili ameupenda huo utetezi. Itabidi tumtafute huyo mtu aliyeiunga, tumpeleke naye mahakamani akaeleze ujinga wake."

Shingo ya Mkurugenzi ilianza kujaa kwenye kola.

"Alimwita kanjanja, afande," Koplo alisema kwa upole.

"Kanjanja!" Mkurugenzi aliinuka, kiti kikagonga ukuta. "Mashine ile niliiunga mimi! Kwa mikono hii! Hakuna waya hata mmoja uliowekwa bila hesabu. Huyo mwanamke alikuwa anajifunza kushika bisibisi, mimi nimeshaunga mashine tano!" Alivuta droo ya kabati la chuma, akapekua mafaili kwa kidole gumba kilichozoea. "Kanjanja. Nitamwonyesha kanjanja." Alitoa karatasi moja ya grafu, akaibamiza mezani, akaikandamiza kwa kiganja. "Soma! Kila feni na namba yake, kila namba na kasi yake. Namba moja, mbele, hamsini. Namba tatu, nyuma, thelathini. Mpelekee wakili wake!"

"Namba moja, hamsini," Inspekta alirudia.

"Hamsini!"

"Una nakala nyingine?"

"Nakala ya nini? Iko moja, na iko kwangu. Mimi sipotezi karatasi."

Inspekta aliinama kusoma. Mchoro ulikuwa mzuri, hilo lazima alikiri. Mistari ya wino mweusi, herufi zilizonyooka, tarehe ya miaka mitano nyuma. Na juu ya wino mweusi palikuwa na mshale mwembamba unaotoka namba moja kwenda namba tatu, na mwingine unaorudi. Pembeni ya mishale palikuwa na saini fupi na tarehe. Wino wake ulikuwa mwekundu, mbichi.

Mkurugenzi alikuwa bado anahema. Alifuata macho ya Inspekta mpaka kwenye karatasi. Hapo akaona. Kiganja chake, ambacho kilikuwa kimeikandamiza kwa fahari, kilianza kuivuta karatasi kurudi upande wake, sentimita moja, sentimita mbili.

Inspekta aliweka kidole juu yake. Karatasi ikasimama.

"Kumbe kuna masahihisho," alisema. "Ijumaa iliyopita. Siku ya barua yetu."

"Hiyo... niliiona Jumatatu. Kabati lilipofunguliwa."

"Jumatatu ukaandika Ijumaa? Wewe, unayempiga mzee vidole kwa ajili ya tarehe?"

Kiyoyozi kilipuliza, na usoni pa Mkurugenzi jasho lilitoka hivyo hivyo.

"Nikusaidie," Inspekta alisema. "Fundi alibadilisha matundu wiki mbili zilizopita, hakumwambia mtu. Kabati lina funguo mbili. Ijumaa jioni ulishika karatasi hii, ukaizima namba moja, ukafungua kabati ukakuta upepo. Karatasi imepingana na kazi. Ukarudi, ukaizima namba tatu. Namba moja ukairudishia hamsini, kwa sababu ndivyo karatasi inavyosema, na karatasi hii hakuna mwingine aliye nayo. Kisha mkono wako ukafanya kama ulivyouzoeza miaka yote. Kalamu nyekundu, saini, tarehe. Nguzo za watu ulizipunguza bila kuandika popote. Feni mbili umeziwekea saini."

"Nataka wakili."

"Utampata. Keti."

Alimpigia simu Mkuu hapo hapo, karatasi iko kwenye mfuko wa vielelezo, Koplo ameshika mfuko kwa mikono miwili. Mkuu alisikiliza bila kumkatiza. Mwisho akasema, "Mfungulieni yule mwanamke. Mlete huyo. Na saa kumi ni saa kumi."

"Nimeelewa, Mkuu."

*

Saa kumi kasoro dakika tano Fundi alikuwa kwenye kaunta akirudishiwa vitu vyake: simu, bisibisi, ufunguo mmoja. Mkurugenzi alipitishwa mbele yake, pingu mkononi. Fundi alimtazama tangu viatu mpaka kichwani, akasema neno moja tu.

"Kanjanja."

Chumba pekee cha mahabusu kilichokuwa kitupu kilikuwa cha mwisho, chini ya paa la bati lililochomwa na jua tangu asubuhi. Kilikuwa na dirisha la ukubwa wa kitabu, benchi, na feni ya darini. Koplo alifunga mlango wa nondo, akaenda kusimama mwisho wa ujia, akaanza kusoma tangazo la zamani ukutani kwa makini sana.

Baada ya dakika chache shati jeupe lilikuwa limeshikana na mgongo.

"Afande," Mkurugenzi aliita. "Humu hakuna hewa."

Inspekta alisimama upande wa pili wa nondo. Alikuwa amelingoja neno hilo mwezi mzima bila kujua ndilo analolingoja. Alimwona mdogo wake, mkono mmoja huru, anagonga bomba.

"Feni hii haifanyi kazi?"

"Inafanya. Swichi iko huku nje."

Ilikuwa pembeni ya bega lake, ile ya kuzungusha, sifuri mpaka tano. Iko kwenye sifuri. Faili lisingekuwa lake tena baada ya dakika mbili, na usiku huo mtu mwingine angeshika zamu, na hakuna ambaye angeuliza kwa nini feni ya mahabusu haikuwashwa. Alitamani. Alitamani mpaka meno yakamuuma.

Kisha akazungusha swichi mpaka tano. Mapanga yaliguna, yakashika kasi, na vumbi la miaka likamwagika kichwani kwa Mkurugenzi.

"Ahsante," Mkurugenzi alisema, macho yamefumbwa, uso ameuinua kwenye upepo.

"Usinishukuru. Diski tatu umezipika. Nondo ngapi zilitolewa, nani alikuambia uzitoe, siku gani, mbele ya nani, yote hayo sasa yamebaki sehemu moja tu." Inspekta alinyoosha kidole kati ya nondo, kikaelekea paji la uso la yule mtu. "Hiyo sitaki ipate joto hata kidogo."

Akavuta kiti cha zamu, akakiweka chini ya swichi, akakaa.